Kuhusu wazee kuwapisha vijana katika siasa

Ndugu yangu, umeuliza kama wanasiasa wazee wa Tanzania wanapaswa kung'atuka ili kuwapisha vijana, nami naona tuanze na Katiba yenyewe. Ibara ya 67 inamruhusu mtu kugombea ubunge akifikisha miaka 21, na ya 39 inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, lakini hakuna inayoweka ukomo wa juu. Kwa hiyo anayengoja mzee aondoke anangoja hiari ya mzee huyo. Mwalimu Nyerere aliachia urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, ingawa uenyekiti wa chama aliendelea kuushika hadi 1990, jambo ambalo wanaomsifu hawalitaji sana.

Mimi sishabikii ukomo wa umri. Kinachomkwamisha kijana ni kura za maoni ndani ya chama, ambako mgombea mkongwe huwafahamu wajumbe kwa majina, amehudhuria misiba yao na kuchangia harusi za watoto wao, ilhali kijana hufika na hotuba nzuri tu. Wapo waliopenya: Zitto Kabwe alichaguliwa kuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini mwaka 2005 akiwa na miaka 29. Ningependa tudai ukomo wa vipindi kwa wabunge, kama ulivyo kwa rais, kwa sababu huo ungemgusa hata yule aliyeingia bungeni kijana akazeekea humo humo.