Mama, kabla hujauza shamba ili kijana awe rubani

Mama, umeuliza kama marubani wa ndege ndogo pale Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, hulipwa vizuri, maana kijana amemaliza kidato cha nne na mnataka kuuza shamba asomee. Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa sita huu.

Watu huuliza mshahara ni ngapi. Uliza unahesabiwaje. Kampuni niliyoanzia ilitupa mshahara mdogo wa msingi, pesa yenyewe ikawa kwa saa za kuruka. Injini ikizimwa, saa nayo imezimwa. Natoka Rongai saa kumi alfajiri kabla Barabara ya Lang'ata haijafunga, saa moja tuko hewani, saa mbili kasoro tumetua mbugani Maasai Mara. Wageni wa kurudi ni saa tisa. Hapo kati nimekaa chini ya bawa, kivuli kikihama nahama nacho, mandazi ya nyumbani yamekauka, nafukuza nzi. Siku nzima kazini, malipo ni ya saa moja na nusu.

Sasa mafua yakushike. Sheria inakukataza kurusha ndege ukiwa mgonjwa, lakini usiporuka huli. Mwaka 2021, wageni walipoanza kurudi baada ya korona na kila mtu ana deni, nilirusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwenda Ukunda kule pwani huku pua imeziba. Ndani ya ndege ile hewa haishindiliwi kama kwenye zile kubwa, kwa hiyo masikio huhisi kila mkipanda au kushuka. Tulipoanza kushuka kutoka futi 11,000 sikio la kushoto likagoma. Naminya pua, napuliza, wapi! Waongoza ndege wa Mombasa wakatupa maagizo kwa redio, nikasikia nusu. Kapteni akanitazama, akachukua redio bila neno. Tulipotua akasema, "Kijana, ungeniambia." Wiki iliyotangulia yeye mwenyewe aliruka akikohoa.

Si sisi tu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi ulimlaumu kapteni kwa alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo, ila ukataja pia uchovu. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini, tena ana mafua. Nilisoma habari hiyo kitandani, na rosta ya kesho yake iko kwenye simu.

Mbona hatugomi? Leseni ya urubani wa kulipwa hupatikana kwa saa kama 200 tu za kuruka, kwa hiyo vijana wenye leseni isiyo na kazi wamejaa pale Wilson, wengine wako tayari kuruka bure mradi wapate saa. Ukinuna, nafasi yako ina mtu kabla ya chakula cha mchana. Makapteni wazoefu nao wanakimbilia Ghuba.

Nilipo sasa nalipwa kwa mwezi, na nikiugua nalala. Kazi ni ileile, lakini naipenda tena.

Shamba msiliguse kwanza. Mpelekeni akapimwe afya ya daraja la kwanza, ile ya marubani. Akifaulu, nitafute nimtembeze Wilson siku ya kazi, akaongee na hao wanaosubiri saa.