Chama cha Maathai kilikwama wapi?

Unauliza iweje Mazingira Green Party isishike Kenya ilhali mwenyewe Wangari Maathai alikuwa na Nobel? Tazama Tetu tu, jimbo lake la uchaguzi. Mwaka 2002 aliingia bungeni kwa asilimia 98 ya kura, lakini hiyo ilikuwa tiketi ya NARC, muungano wa upinzani, na wimbi la kuing'oa KANU, chama tawala. Nobel akaipata 2004, akiwa naibu waziri. Ilipofika 2007 akaangushwa kwenye mchujo wa PNU, muungano wa Rais Kibaki, akarudi debeni kwa tiketi ya Mazingira, na watu walewale wa Tetu wakamnyima kura. Eneo la Mlima Kenya mwaka ule ilikuwa Kibaki au Raila kwa urais, basi. Nani angeuliza habari za miti?

Kiti kimoja ambacho Mazingira ilipata mwaka huo kilitoka Imenti Kaskazini, Meru. Nami naona hapo wapiga kura walimchagua mtu wao, wala si sera za kijani. Kwetu ukinyimwa tiketi ya chama kikubwa unatafuta kidogo cha kukubeba. Maathai mwenyewe hakuhitaji chama: Msitu wa Karura, Nairobi, aliuokoa kwa maandamano, akiwa hana hata kiti bungeni.