Kabla hujaomba uzamili wa upigaji picha, rudi kwenye ukuta wako

Mara ya kwanza nilipoomba kusoma uzamili wa upigaji picha Marekani, vyuo vyote vitatu vilinikataa. Nilikuwa nimepiga harusi Dar es Salaam kwa miaka 6, wateja wananisifu, nikachagua picha zangu 20 kali kuliko zote: bibi harusi anayelia, simba wa Serengeti, jahazi na machweo, mzee mwenye makunyanzi. Kila moja ilipendeza. Zikikaa pamoja hazikusema lolote kuhusu aliyezipiga.

Hilo ndilo nataka ulielewe kabla hujalipa ada ya maombi hata ya chuo kimoja. Ufundi wa mwanga na fokasi, maprofesa wanaochagua wanachukulia kwamba unao, au utaupata. Wanachotazama ni kama una jambo linalokunyima usingizi, ambalo unaweza kulichimba miaka 2 bila kuishiwa, maana huo ndio urefu wa kawaida wa shahada hiyo kule, inayoitwa MFA. Na nafasi ni chache mno. Chuo Kikuu cha Yale huchukua takriban watu 10 tu kwa mwaka katika upigaji picha.

Mwaka uliofuata sikuomba popote. Nilirudi Tanga, kwenye shamba la mkonge alikozaliwa mama. Babu alifika pale akiwa manamba kutoka Songea, nami nilitaka tu kuviona vyumba vya kambi alimoishi. Nilikwenda kila mwisho wa mwezi, miezi 14. Miezi ya mwanzo nilipiga kama niko harusini: watu wamejipanga, wamevaa vizuri, wanatabasamu. Siku moja bibi aliyekuwa jirani wa mama akaniambia, "Mjukuu wangu, unatupiga sisi tu, ukuta huu huuoni?" Nyuma yake kulikuwa na mistari ya mkaa, urefu wa watoto wake 5 mwaka hadi mwaka. Wa mmoja ulikomea kiunoni pangu. Nilikuwa nimekaa chumbani humo mara nne bila kuuona.

Tangu siku hiyo nikapiga kuta, milango, misumari ya kutundikia nguo, na watu wakiendelea na shughuli zao. Nilichapisha picha 80 ndogo ndogo Kariakoo, nikazitandaza sakafuni, na kwa wiki 2 nikawa natoa moja moja. Picha nzuri isiyo na nduguye pale sakafuni niliiondoa, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Vyuo vingi huomba kati ya 15 na 20. Soma masharti ya kila kimoja, wala usijaze idadi kwa picha dhaifu.

Maelezo ya msanii, yaani andiko fupi kuhusu kazi yako, yaandike kwanza kwa Kiswahili. Ya mwaka wa kwanza niliyaanza kwa kusema naipenda kamera tangu utotoni, sentensi ambayo kila mwombaji anayo. Sema unapiga nini, wapi, kwa nini wewe, na nini bado hujakipatia jibu.

Watakaokuandikia barua za mapendekezo waambie miezi 2 kabla, na wapelekee picha zenyewe. Mhadhiri anayeijua kazi yako ana faida kuliko mkubwa mwenye cheo aliyekuona mara moja. Kama unaona umri umekwenda, mpiga picha Mmarekani Dawoud Bey alionyesha picha zake za Harlem, New York, mwaka 1979 na akapata MFA yake Yale mwaka 1993.

Pesa usizifumbie macho. Barua ya kukubaliwa isiyo na ufadhili inaweza kukuachia deni la maisha, kwa hiyo uliza mapema kuhusu ufadhili na msamaha wa ada ya maombi. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka 1, na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia, ila wanadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani miaka 2 baada ya masomo.

Halafu saa. Mwisho wa kupokea maombi ukiwa saa 6 usiku New York mwezi Januari, Dar ni saa 2 asubuhi. Usisubiri asubuhi hiyo. Picha kubwa hupanda polepole, na umeme hauna miadi na mtu. Mimi nilituma siku 4 kabla.

Kwenye usaili, profesa mmoja aliniomba nirudi kwenye picha ya 11, ule ukuta. Akauliza mstari uliokomea chini ni wa nani. Nilimtaja kwa jina, nikaeleza aliugua nini na mama yake alimzika wapi. Tulizungumzia ukuta huo karibu muda wote tuliopewa, na hakuna aliyeuliza natumia kamera gani.