Unapowalalamikia Wachina, beba daftari

Yule mama wa Kichina hakuwa na Kiswahili kingi, alikuwa na kikokotoo. Alibonyeza, akamgeuzia mteja wangu aone: 13,000. Mkoba uleule mimi nilikuwa nimeuchukua kwake kwa bei ya jumla, dazeni nzima, kila mmoja 12,000. Nikasimama pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikiwaza kodi ya fremu.

Siku hiyo nami nilipaza sauti na wenzangu: warudi kwao! Nyumbani Temeke, baba hakutaka hata kunisikiliza. Yeye alijenga reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia. Mchina anayemjua ni yule waliyelala hema moja Mlimba, wakati mataifa ya Magharibi yamekataa kutoa pesa za reli ile ya kilomita 1,860. Wachina wengine hawakurudi kwao, wamelala kwenye makaburi ya Gongo la Mboto. Tulibishana hadi mama akatukataza kuitaja China mezani.

Leo naona serikali ilitusikia wote wawili. Heshima waliyonayo wazee kama baba ndiyo inayowapa viongozi uso wa kwenda Beijing. Septemba 2024 Rais Samia alikuwa huko, yakasainiwa makubaliano ya kuifufua reli hiyohiyo. Na kelele zetu za Kariakoo zikaundiwa kamati mwaka 2025, kisha Julai ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo ya jumla na rejareja. Urafiki wa nchi mbili haukuvunjika.

Lakini kuna jambo linaniuma. Tulipokuwa tukipiga kelele, tulisema "wageni". Amri nayo ikasema wasio raia. Kenya ikalalamika, maana raia wake nao waliguswa, na sisi ni Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Mkenya wa fremu ya pili kutoka kwangu, tuliyekuwa tukiachiana funguo, hakuwa na kosa lolote kwangu.

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, kabla hujafungua mdomo kikaoni, jiulize unamlalamikia nani hasa. "Warudi kwao" hakuna waziri anayeweza kumpelekea balozi akakaa nalo mezani. Lakini akiambiwa mtu fulani kaingia kwa kibali cha uwekezaji na sasa anauza mkoba mmoja mmoja, hapo ana la kuzungumza. Andika bidhaa, bei ya jumla, bei aliyomuuzia mteja wako, tarehe, na kama alitoa risiti ya mashine. Andika siku ileile, usingoje hasira ipoe ukasahau namba.

Na wazee waulizeni mapema. Baba ndiye aliyenieleza kwamba wale wa reli walikuja kwa mkataba wa serikali kwa serikali, na huyu wa mikoba kaja kwa mtaji wake mwenyewe. Nilikuwa nimewatia kapu moja. Baada ya hapo mama aliturudishia ruhusa ya kuitaja China mezani.