Gari la siti saba lililotumika: maswali yenu kabla hamjatoa hela

Dalali ananionyesha X-Trail moja na Vanguard moja Sinza, anasema zote ni za watu saba. Mimi siti za nyuma sizioni. Nadanganywa? (Mama wa watoto wanne, Tabata)

Dada, huenda hakudanganyi, huenda hata yeye hajafunua. Magari yote mawili yalitengenezwa kwa namna mbili, siti tano na siti saba, na ukiyatazama kwa nje huoni tofauti. Fungua buti, nyanyua zulia. Yenye siti saba utazikuta mbili zimelala kwenye sakafu. X-Trail T32, iliyoanza mwishoni mwa 2013, ina mtego mmoja zaidi: ile ya haibridi ilitoka Japani na siti tano tu. Soma namba ya chasisi. Ikianza na HT32 au HNT32, usipoteze muda wako. Na ukiona mikanda inaning'inia ubavuni mwa buti lakini siti hakuna, jua zilitolewa, na kupata jozi nzima yenye rangi ileile Ilala si kazi ya siku moja.

Zikiwepo, usiishie kuzitazama. Dereva mwenyewe akae na kurekebisha siti kama anavyoendesha. Wa katikati wakae. Ndipo mtoto mkubwa kuliko wote apande nyuma, na buti lifungwe. Angalia magoti yake, kisha angalia umbali kati ya kisogo chake na kioo cha nyuma. Kwenye magari haya mawili nafasi hiyo ni ya watoto, mtu mzima ataivumilia mpaka Mwenge, si mpaka Moshi. Vuta kila mkanda hadi mwisho, uachie, urudi wenyewe. Kisha uvute kwa kushtukiza, ukwame papo hapo. Mikanda ya nyuma kabisa ndiyo inayosahaulika, na ndiyo itakayomshika mwanao. Usikubali ahadi ya "fundi ataifanya kesho".

Siti zote saba zikiwa wima, buti linabaki la mifuko ya sokoni, si la gunia la mchele. Kama bibi yao ndiye atakayekaa nyuma kila Jumapili, ushauri wetu wa wazi ni kutazama Noah au Voxy. Mlango wa kuteleza na sakafu ya chini vitamsaidia kuliko gari refu la kukwea.

Nimeipenda X-Trail T32 lakini kila fundi ananitisha na gia boksi yake. Niache? (Kijana wa Kimara)

Usiache kwa kutishwa. Acha kwa kupima. Gia boksi hiyo ni ya CVT: haina gia za kupanda na kushuka, ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Mkanda huo unashika kwa msuguano, na msuguano huo unategemea oili ya aina moja, NS-3. Fundi akikosa NS-3 akaweka oili ya gia otomatiki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza na kuchubua puli, na chembe za chuma husambaa hadi kwenye valvu. Adui wa pili ni joto. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, AC imewashwa na watu saba ndani, ni mtihani mkubwa kwake kuliko safari ya Dodoma.

Pima hivi. Mwambie muuzaji asiwashe gari tangu usiku, ulikute limepoa. Liwashe, kanyaga breki, weka D: lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Fanya vivyo hivyo kwa R. Endesha polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo. Likitetemeka kama linapita kwenye barabara ya matuta madogo, hapo pana ugonjwa. Kisha lipeleke kwa nusu saa nzima, limalizie na mlima, Pugu panatosha. Gia boksi iliyochoka hupandisha mshindo wa injini huku gari haliongezi mwendo, au huondoa nguvu ghafla kwa kujilinda na joto. Likishinda yote hayo, linunue, na oili ya CVT umwage kila kilomita 40,000 badala ya kungoja 60,000. Wanaosema oili hiyo haibadilishwi maisha yote hawaendeshi Dar es Salaam.

Vanguard ya 2008, muuzaji anasema kupungua oili kidogo ni kawaida. Kidogo ni kiasi gani? (Mbezi Beach)

Ukiongeza lita moja kila kilomita 1,000 hadi 2,000, hiyo si kawaida, ni injini inayokula oili. Injini ya 2.4, yaani 2AZ-FE, ina historia hiyo kwa matoleo ya miaka ya 2006 hadi 2009 hivi. Sababu yake ni ndogo mno kwa macho: kwenye mfereji wa ringi ya oili ya pistoni kuna vitundu vya kurudisha oili chini. Vikizibwa na masizi, ringi hunata, oili hubaki kwenye kuta za silinda na kuungua pamoja na petroli.

Waache injini iungurume silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, dakika tano, halafu mtu akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa nyuma ya eksozi. Moshi wa bluu ndio jibu. Chomoa plagi zote nne pia. Yenye oili au masizi manene yenye unyevu inakuonyesha silinda ipi imeanza. Dawa ya kweli ni kufungua injini na kuweka pistoni na ringi za muundo uliorekebishwa. Oili nzito huficha tu. Kama bei haijashuka kwa gharama ya kazi hiyo, tafuta nyingine.

Wanaotazama Kluger ya zamani yenye injini hiyohiyo waongeze jambo moja: nyuzi za boliti za silinda hedi za upande wa nyuma hung'oka kwenye bloku, koolanti huvuja nyuma ya injini, na gari linachemsha. Mulika tochi kati ya injini na ukuta wa kabini, utafute ukoko wa waridi au mweupe.

Mume wangu anataka Prado 120 ya dizeli, mimi nataka 150 ya petroli. Tusuluhishe. (Tegeta)

Tutawapa vipimo, uamuzi ni wa nyumbani. Prado 120 ilitengenezwa 2002 hadi 2009, na 150 ikafuata mwishoni mwa 2009. Chasisi ya KDJ120 ni dizeli ya lita 3.0, TRJ150 ni petroli ya lita 2.7.

Dizeli hiyo ya lita 3.0, iitwayo 1KD, ina nguvu ya kuvuta na hula mafuta kidogo kwa safari ndefu. Kasoro yake iko kwenye pete ndogo za shaba (washa) chini ya injekta. Zikichoka, gesi ya mlipuko hupenya hadi kwenye kava ya valvu na kuipika oili. Oili iliyopikwa hugeuka lami, lami hushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), huziba chujio la kunyonyea oili, na injini hukauka ikiwa inatembea. Taa ya oili ikiwaka hapo, mara nyingi umechelewa. Fungua kifuniko cha oili, uingize kidole. Weusi laini ni wa kawaida kwa dizeli. Ukoko mgumu kama sufuria iliyoungua maharage ni sababu ya kuondoka. Sikiliza pia asubuhi injini ikiwa baridi: mlio mkali wa "ka-ka-ka" pamoja na moshi mweupe ni injekta. Taimingi ni ya belti, si cheni. Bila risiti ya lini ilibadilishwa, ibadilishe wiki ya kwanza, maana ikikatika valvu hugongana na pistoni.

Petroli ya 2.7 ina taimingi cheni na mafundi wengi wanaijua. Udhaifu wake ni uvivu. Mwili wa karibu tani mbili, watu saba, mizigo juu: mlima Kitonga mtaupanda polepole, na kwenye foleni tegemeeni kilomita 6 au 7 kwa lita.

Kwa familia inayozunguka mjini na kwenda mkoani mara mbili kwa mwaka, sisi tungechukua petroli. Dizeli mpya ya 2.8, GDJ150 ya kuanzia 2015, ni nzuri kuliko zote mbili barabara kuu, lakini ina kichujio cha masizi kwenye eksozi ambacho hujisafisha likienda mwendo mrefu bila kusimama. Shule, ofisi, sokoni, nyumbani: kinaziba.

Siti za nyuma za 120 hukunjwa ubavuni na kutolewa, na wengi walizitoa wakazipoteza, hivyo hesabuni zote mbili zipo. Halafu mlale chini ya gari. Yaliyotoka maeneo ya theluji Japani yamekula chumvi ya barabarani, na kutu huanzia kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi. Rangi nyeusi mpya inayong'aa chini kote ni ya kutiliwa shaka kuliko kutu ya wazi.

Discovery 4 inauzwa bei ya Vanguard. Nikimbilie? (Masaki)

Hapana. Siti zake za nyuma kwa hakika zinamtosha mtu mzima, na ndilo linalouma. Lakini bei hiyo imebeba mifuko ya hewa ya sasipensheni inayovuja, kompresa yake inayokufa, na injini ya dizeli ya V6 ambayo krenkishafti yake imejulikana kukatika. Kazi nyingi zinataka kabini yote inyanyuliwe kwenye chasisi. Kama huna akiba ya matengenezo inayokaribia nusu ya bei ya gari, liache.

Niagize Japani au ninunue lililopo hapa? (Mwalimu, Gongo la Mboto)

Mwalimu, umri wa gari ndio unaoamua kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa zaidi ya hapo. Kisha ushuru wa uchakavu, asilimia 15 gari likiwa na miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 likizidi 10. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Tuchukue thamani ya shilingi milioni 20 kwa yote mawili. X-Trail ya cc 1,997 yenye miaka 6 itadaiwa karibu milioni 11. Vanguard ya cc 2,362, ambayo ya mwisho kabisa ni ya 2013, itazidi milioni 21. Tozo ndogondogo hazimo. Kwa hiyo Vanguard na Prado 120 zinunuliwe hapa hapa, na X-Trail changa iagizwe. Kikokotoo cha magari yaliyotumika kipo kwenye tovuti ya TRA. Kitumie kabla hujalipia gari, kwa sababu TRA hutumia thamani yao, si ankara yako.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, R au RA ni gari lililopigwa na kurekebishwa. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi.

Nitajuaje gari liliingia maji ya mafuriko? (Kigogo)

Muuzaji huosha anapopaona. Wewe nenda asipopaona. Vuta mkanda wa siti za nyuma kabisa mpaka unapoishia: kipande cha mwisho hakioshwi, na mstari wa tope la kahawia hubaki pale kama wino. Ingiza mkono chini ya siti ya dereva, ushike reli na springi. Kutu humo ndani ya gari kavu haina maelezo. Toa tairi la spea, angalia mchanga kwenye mashimo ya boliti. Chomoa soketi moja ya nyaya chini ya zulia. Ukijani kwenye pini ni maji. Harufu kali ya marashi na madirisha yote wazi unapofika, mwambie afunge madirisha, washa AC na mzunguko wa ndani, ukae dakika kumi unuse kama kuna uvundo.

Tumekubaliana bei. Nilipeje? (Baba wa watatu, Kigamboni)

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya injini. Jina la kadi na la kitambulisho cha muuzaji yawe moja. Kama ni la mtu wa tatu, aje mwenyewe. Dai kadi halisi. Kivuli huenda kinamaanisha halisi iko benki kwa mkopo. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Mkataba uandikwe kwa wakili, fedha ziende kwenye akaunti ya mwenye jina, si ya dalali, na umiliki ubadilishwe TRA mara moja.

Bakiza hela ya wiki ya kwanza: oili na filta zote, oili ya gia boksi, koolanti, breki na matairi. Matairi yasome ubavuni, tarakimu nne za mwisho. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Ya zamani huenda yana kashata nzuri lakini mpira umekakamaa kwa jua, na ya nyuma ndiyo yanayobeba siti za nyuma kabisa. Mkijaa wote saba, pandisha upepo hadi kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yakiwa yamepoa.