Birika la wati 2000 linalosoma wati 1840
Kaka, birika lako ni zima. Umesema ulipima volti 230 na ampea 8, wakati kibandiko kinasema wati 2000 kwa volti 240. Ukinzani, yaani jinsi koili (waya unaochemsha maji) inavyozuia umeme, ni volti gawanya kwa ampea: 230 ÷ 8 = omu 28.75. Nguvu ni volti mara ampea: 230 × 8 = wati 1840. Sasa weka volti 240 kwenye omu zilezile: 240 × 240 ÷ 28.75, unapata kama wati 2003. Kilichopungua ni umeme wa ukutani, si koili. Jioni ukishuka hadi volti 200, utabaki na wati 1391 hivi. Chai itachelewa tu. Ukitaka kupima omu kwa mita ya mkononi, chomoa plagi kwanza. Mimi niliwahi kusahau, nikaunguza fyuzi ya mita.