Kwa nini kwarki b inasumbua kwenye gridi
Ndugu, umeuliza kwa nini wanafizikia wasiiweke tu kwarki b, chembe ya msingi iliyo nzito, kwenye gridi (nukta za nafasi na wakati ambazo kompyuta hukokotolea nguvu inayofunga kwarki) kama kwarki nyepesi, maadamu kompyuta kubwa zipo. Shida ni vipimo. Gridi yenye nafasi ya femtomita 0.1 kati ya nukta na nukta inafika kama GeV 2 tu (GeV ni kipimo cha nishati na uzito wa chembe), na kwarki b ina uzito wa GeV 4.2. Ni kuvua dagaa kwa wavu wa papa. Wengine huandika nadharia maalumu ya kwarki nzito iendayo polepole. Wengine hukaza gridi hadi femtomita 0.04 hivi, wakaanza na kwarki nyepesi kuliko b, kisha wakapanda taratibu hadi uzito wake.

Halafu kompyuta haikupi kasi ya kuoza yenyewe. Inakupa f ya mesoni B (chembe yenye kwarki b na kwarki nyepesi), yaani namba inayoonyesha jinsi kwarki zake mbili zinavyokutana ili ioze, kama MeV 190. Kwa B kuoza kuwa tau (ndugu mzito wa elektroni) na neutrino, kasi inafuata f kipeo cha pili mara Vub kipeo cha pili (Vub ni namba ya nguvu ya kwarki b kugeuka kuwa kwarki u), kwa hiyo kosa la asilimia 1 kwenye f linakuwa asilimia 2 kwenye kasi. Na kosa la f sasa liko chini ya asilimia 1. Anayesumbua ni Vub.